Tuulize: Njia ya kiti mwendo, mshahara wa dobi na Ijumaa ya kiwandani

Barua za safari hii zimetoka Morogoro, Arusha, Mwanza, Tanga, Dar es Salaam, Dodoma, Kibaha na nchi jirani ya Kenya. Nyingi zinafanana. Kampuni imeandika sera ya usawa na kuitundika ukutani, kisha mtu anafika kazini na mlango haumpitishi, au mshahara wake hakuna anayeweza kuueleza. Kwa hiyo tumejibu kwa vipimo, tarehe na fomu. Kwa upande wa Tanzania tumeegemea zaidi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004. Kifungu chake cha 7 kinakataza ubaguzi wa jinsia, dini, kabila au mahali mtu atokako, umri, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU na mengine, na kinamlinda hata anayeomba kazi.

Tumemwajiri mhasibu anayetumia kiti mwendo, anaanza baada ya wiki sita. Ofisi yetu ya SACCOS ina ngazi tatu mlangoni. Fundi anasema atamwaga zege la mita mbili kwa siku moja na kazi imekwisha. Nimwamini? – Meneja, Morogoro

Msimamishe kabla hajanunua saruji. Ngazi tatu za kawaida, kila moja sentimita 15, zinafanya kimo cha sentimita 45. Kanuni ya mteremko unaopandika ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Mahesabu yenu basi ni 45 mara 12, yaani mita 5 na sentimita 40. Mita mbili za fundi zinatoa mteremko ambao mhasibu wenu hataupanda bila kusukumwa na watu wawili. Kushuka ndiko kubaya zaidi, kwa sababu kiti kinamkimbia na hakuna cha kukizuia. Zege kama hilo likishakauka halirekebishiki, hubomolewa tu, nanyi mtakuwa mmelipa mara mbili.

Kama uso wa jengo hauna nafasi ya kunyoosha, njia hukunjwa mara moja. Jengeni kipande cha kwanza cha sentimita 270, kisha sehemu bapa ya kugeuzia yenye urefu wa sentimita 150, kisha kipande cha pili cha sentimita 270 kinachorudi sambamba na ukuta hadi mlangoni. Mlangoni napo pawe na sehemu bapa ya sentimita 150 kwa 150. Hii husahaulika mno, na bila hiyo mtu anajikuta anashikilia kiti kwenye mteremko kwa mkono mmoja huku anavuta mlango kwa mkono wa pili. Upana wa njia uwe sentimita 120, na usishuke chini ya 90 hata nafasi ikibana. Ngazi za sasa ziacheni upande mwingine wa mlango, maana wapo wenye magongo wanaopenda ngazi kuliko mteremko.

Zege la uwiano wa 1:2:4 linatosha: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, unene sentimita 10 juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri. Kabla halijakaza, fundi alipitishe ufagio mgumu kukata njia kwa upana ili uso uwe na makwaruzo, halafu limwagiliwe maji kwa siku saba. Msikubali vigae vya kung'aa, kwani mvua ya kwanza ya masika itavigeuza utelezi. Pande zote mbili wekeni kingo ya sentimita 10 ili gurudumu dogo la mbele lisitumbukie, na bomba la kushikia kwenye kimo cha sentimita 90, likizidi mwanzo na mwisho wa njia kwa sentimita 30. Kizingiti cha mlango kisizidi sentimita 1. Mlango wenyewe upimeni ukiwa umefunguliwa, kuanzia uso wa ubao hadi fremu ya upande wa pili: nafasi halisi isipungue sentimita 80. Wengi hupima fremu tupu, wanapata 85, kumbe unene wa mlango na bawaba unakula 6.

Chooni mlango ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani ya choo ambacho mlango wake hufunguka kwa ndani, mwili wake ndio unaoufunga, na waokoaji hawaingii. Kiti cha choo kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 48, na vishikio vikae sentimita 20 hadi 30 juu yake, vikiwa vimechimbiwa kwenye tofali, si kwenye plasta. Katikati ya chumba pabaki duara la sentimita 150 la kugeuzia kiti. Meza yake ya kazi iwe na uwazi wa sentimita 70 chini.

Haya yote ni vipimo vya kuanzia. Mwiteni mhasibu mwenyewe aje siku fundi anapochora kwa chaki, apite juu ya michoro na kiti chake. Viti havilingani upana wala urefu wa mikono, na saa moja ya chaki itawaokolea mifuko mingi ya saruji.

Hotelini kwetu wadobi, wote wanawake, wanalipwa shilingi 260,000. Watunza bustani, wote wanaume, wanalipwa 320,000. Mwenye hoteli anasema kazi ni tofauti kwa hiyo hakuna cha kulinganisha. Ana hoja? – Mwakilishi wa wafanyakazi, Arusha

Hana. Sheria inamtaka mwajiri achukue hatua za makusudi kuhakikisha wanawake na wanaume wanapata ujira sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Msisitizo uko kwenye thamani, kwa hiyo kazi mbili zinaweza kutofautiana kabisa kwa sura na bado zikastahili mshahara mmoja. Msingi huo umo kwenye Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1951, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002.

Thamani hupimwa kwa vigezo vinne: ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Undeni kamati ya watu watano, wanawake wasipungue wawili, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi awemo. Kwa hoteli mara nyingi ni CHODAWU. Gaweni alama 100, kwa mfano ujuzi 30, juhudi 25, wajibu 30, mazingira 15. Mgawo huo uandikwe na kusainiwa kabla kazi yoyote haijapimwa. Kamati inayopanga mgawo baada ya kuona matokeo haipimi tena, inatafuta sababu.

Kisha andikeni maelezo ya kila kazi bila kutaja jina lake wala nani anaifanya. Hapa ndipo zoezi linapoharibika. Nguvu za kuinua gunia la mbolea kila mtu anaziona. Za dobi hazionekani. Shuka la kitanda kikubwa likilowa ni zito mno, naye anayatoa kwenye mashine kwa makumi kila siku, mgongo umeinama, mikono kwenye sabuni kali na dawa ya kung'arisha, chumba kimejaa mvuke. Anatambua doa la damu na doa la mafuta na kujua lipi halipaswi kuguswa na maji moto. Akikosea, shuka la mgeni limeharibika na malalamiko yanaandikwa. Mtunza bustani naye ana jua, ana mashine ya kukata majani, ana dawa za wadudu. Andikeni yote, ya pande zote mbili, kwa kushinda nao zamu nzima, maana maelezo yaliyoandikwa ofisini huacha nusu ya kazi nje.

Tuseme matokeo ni haya: dobi ujuzi 16, juhudi 20, wajibu 15, mazingira 11, jumla 62. Mtunza bustani 15, 19, 12 na 12, jumla 58. Kama daraja lenu la mshahara linakusanya alama 55 hadi 64, kazi hizo mbili ni za daraja moja, na pengo la 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka kwa kila dobi, halina mguu wa kusimamia. Mwajiri anaweza kuhalalisha tofauti kwa miaka ya utumishi, kwa tija iliyopimwa kwa utaratibu unaowahusu wote, au kwa kazi ya usiku, ambayo kisheria ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Hawezi kusema tu kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote, au kwamba mwanaume ana familia ya kulisha.

Marekebisho hufanywa kwa kupandisha mshahara wa chini. Asiguse wa mtunza bustani. Kumpunguzia bila ridhaa yake ni kuvunja mkataba, na mtakuwa mmefungua mgogoro wa pili. Fedha zikibana, kubalianeni ratiba ya maandishi, mathalani awamu tatu ndani ya miezi 12, kila awamu na tarehe yake. Angalieni pia posho, chakula na mgawo wa bahshishi. Mara nyingi mshahara wa msingi husawazishwa na pengo likahamia huko.

Nataka muuzaji wa duka langu la simu. Niliandika tangazo: "Anahitajika binti mrembo, miaka 20 hadi 27, asiyeolewa." Mpwa wangu kaniambia nitashtakiwa. Kosa liko wapi? – Mfanyabiashara, Mwanza

Kaka, mpwa wako ana haki. Jinsia, umri na hali ya ndoa vyote vimetajwa kwenye sheria kama misingi iliyokatazwa, na matangazo ya kazi yamo. Mwajiri anaruhusiwa kubagua sifa pale tu sifa hiyo ni hitaji la msingi la kazi yenyewe. Kuuza simu hakuhitaji binti. Kunahitaji mtu anayeijua bidhaa, anayehesabu fedha vizuri na mwenye lugha nzuri kwa mteja. Andika hayo: "Muuzaji, awe na uzoefu wa mwaka mmoja wa mauzo, aweze kutoa risiti kwa mashine ya EFD, kazi inaisha saa 2 usiku siku tatu kwa wiki."

Kwenye usaili usiulize ameolewa au ana mpango wa kuzaa. Ukihofia muda, uliza kila mmoja, mwanamume kwa mwanamke: "Zamu inaisha saa 2 usiku, utaweza?" Tumia maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, mpe kila mtu alama papo hapo kwenye karatasi, na zitunze karatasi hizo. Mwombaji akionyesha dalili za kubaguliwa, kazi ya kuthibitisha kwamba hukubagua inakuangukia wewe.

Karakana yetu ya samani ina watu 34. Tumeambiwa lazima tuajiri mwenye ulemavu, na tumempata fundi seremala kiziwi, hodari. Wenzake wanaogopa mashine zitamdhuru. – Msimamizi wa karakana, Mwanza

Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kufikisha asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Kwa watu 34 hiyo ni kama mtu mmoja. Mkifika 70 watakuwa kama wawili.

Hatari kubwa karakanani kwa fundi asiyesikia inatoka kwa wenzake. Mtu anamjia kwa nyuma na kumgusa bega wakati msumeno wa meza unazunguka; anashtuka, mkono unateleza. Wekeni sheria ya karakana nzima: hakuna anayemgusa mtu aliye kwenye mashine. Anayemhitaji asimame mbele anapoonekana, au awashe na kuzima taa ya eneo mara mbili. Geuzeni mashine yake ili atazame mlango, na pasipogeuzika fungeni kioo. King'ora cha moto kiongezewe taa inayowaka na kuzimika palepale anapofanyia kazi, chooni na stoo. Watu hukumbuka karakana na kusahau choo. Mpangieni pia mwenzake mmoja kwa kila zamu wa kuhakikisha ametoka.

Mambo ya maandishi yana mtego wake. Wengi hudhani ukimwandikia ujumbe mrefu kwenye simu umemaliza. Kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, na Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili yenye mpangilio tofauti wa maneno. Andikeni sentensi fupi, moja kwa kila hatua, pamoja na picha au mchoro wenye vipimo. Fundi seremala anasoma mchoro kuliko mtu yeyote. Mtu akisema naye asizibe mdomo na asisimame dirisha likiwa nyuma yake, kwa sababu uso unakuwa giza.

Kwa usaili, mafunzo ya usalama, na kikao chochote cha nidhamu, leteni mkalimani aliyefunzwa. Ulizeni ofisi ya CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Kikao kikizidi saa moja wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 au 30, kwa kuwa mkalimani akichoka anaanza kuruka maneno bila kujua. Ndugu wa mfanyakazi asitumike. Atafupisha, atamtetea au atamficha. Wafanyakazi wengine wajifunze alama arobaini za mwanzo: simama, hatari, zima, vipimo, rangi, namba, chakula, mgonjwa, asante. Dakika kumi kila asubuhi kwa mwezi mmoja zinatosha.

Mkataba wangu wa mwaka unaisha mwezi ujao. Msimamizi ananiambia utahuishwa nikikubali kwenda naye nje ya mji. Nina ujumbe wake kwenye simu. Nifanyeje bila kupoteza kazi? – Dada, Kanda ya Ziwa

Dada, unachofanyiwa kina jina kisheria: ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Huna lawama yoyote.

Anza na ushahidi, leo. Andika kwenye daftari tarehe, saa, mahali, maneno yake kama alivyoyatamka na nani alikuwa karibu. Usifute ujumbe wala usibadilishe simu. Picha ya skrini inayoonyesha jina ulilomhifadhi nalo tu ni dhaifu, kwa maana jina lolote unaweza kuliandika wewe mwenyewe. Piga pia picha ya ukurasa wenye namba yake kamili, na tarehe zionekane. Hifadhi nakala nzima ya mazungumzo mahali pengine nje ya simu.

Kabla ya siku anayokutaka mkutane, piga TAKUKURU namba 113, ni bure, au nenda ofisini kwao. Ukiwahi wanaweza kuandaa mtego. Ukichelewa, linabaki neno lako na lake. Ndani ya kampuni peleka barua kwa mtu aliye juu ya msimamizi huyo, na nakala yako igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Malalamiko ya mdomo hupotea.

Wasipokuhuishia mkataba, bado una njia. Kama ulikuwa na sababu za haki za kutarajia kuhuishiwa, kwa mfano wenzako wote wamehuishiwa na tathmini yako ni nzuri, sheria inahesabu kutohuishwa kuwa ni kuachishwa kazi. Una siku 30 tangu siku hiyo kujaza fomu CMA F.1 katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Kama ungali kazini na unalalamikia ubaguzi au unyanyasaji, una siku 60. Fomu humfikia mwajiri kwanza, asaini kupokea, ndipo unaiwasilisha Tume pamoja na uthibitisho huo. Sehemu B ni ya walioachishwa tu. Anayeijaza akiwa bado kazini hupinda shauri lake mwenyewe. Siku zikipita, utalazimika kuomba kuongezewa muda kwa fomu nyingine na kueleza kila siku uliyochelewa. Huduma ni bure.

Kiwanda chetu kina Waislamu wanaotaka Ijumaa na Wasabato wasiofanya kazi Jumamosi. Kila wiki ni ugomvi. – Afisa utumishi, Tanga

Ondoeni Jumamosi. Ukomo wa kisheria ni saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku, na mapumziko ya saa moja hayahesabiwi. Jumatatu hadi Alhamisi fanyeni saa 1:30 asubuhi hadi saa 11:30 jioni, mapumziko saa moja. Ijumaa anzeni saa 1:00 asubuhi, mapumziko ya saa mbili kuanzia saa 6:15 hadi saa 8:15 mchana, mtoke saa 12:00 jioni. Hesabu inafika 45 na hakuna aliyependelewa.

Mpangilio huu una kasoro moja. Sabato inaanza Ijumaa jua linapozama, na Tanga miezi mingine jua huzama kama saa 12 na robo. Mtu anayetoka kiwandani saa 12 hafiki nyumbani. Basi Wasabato wachukue mapumziko ya saa moja Ijumaa na kutoka saa 11:00. Saa zao ni zilezile 9, na ratiba iandikwe wazi ili asitokee wa kusema wameonewa huruma. Wekeni bomba la kutawadhia mahali maji yanapotiririka vizuri. Kutumia sinki za kunawia ndiko kunakoloanisha sakafu na kuzusha maneno. Hijabu karibu na mashine zinazozunguka iwe ya kofia iliyoshonwa, ncha zake zimechomekwa ndani ya ovaroli. Kuipiga marufuku hakuna ulazima.

Nimerudi kazini baada ya siku 84 za uzazi. Meneja anasema saa mbili za kunyonyesha ni za anayekaa karibu, mimi nakaa Mbagala na kazi iko Mwenge. – Mama wa miezi mitatu, Dar es Salaam

Meneja ameongeza sharti ambalo sheria haina. Mwajiri anapaswa kukuruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi hadi saa mbili kwa siku, popote unapokaa, na saa hizo si muda wako wa chakula. Kwa umbali huo una njia mbili. Ya kwanza ni kuomba kwa barua uunganishe saa zote na kutoka mapema, mathalani saa 9 badala ya saa 11. Ya pili ni kukamua kazini mara mbili au tatu, dakika 30 kila mara. Wengi huchanganya: wanakamua mara moja saa 5 asubuhi na kutoka saa moja na nusu kabla ya wenzao.

Chumba cha kukamulia kinatosha mita 2 kwa 2, chenye kitasa kinachofungwa kwa ndani, kiti, meza, soketi na maji ya kunawa karibu. Choo si mahali pa kuandalia chakula cha mtoto. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye nyuzi joto 25. Dar mchana huzidi hapo, kwa hiyo yaingie kwenye friji mara moja, yanakaa hadi siku 4. Pasipo friji, kikasha chenye vipande vya barafu kinayahifadhi kwa saa 24. Andika jina, tarehe na saa kwenye kila chupa. Ukikosa kukamua kwa sababu ya kikao, matiti yatajaa na kuuma, na maziwa yataanza kupungua ndani ya siku chache. Hilo mweleze meneja waziwazi.

Bodi ya utumishi ya kaunti yetu imeambiwa wafanyakazi wa kabila moja wasizidi theluthi moja. Kaunti ina wenyeji karibu wote wa kabila moja. Tutawezaje? – Karani, Bonde la Ufa, Kenya

Mnachanganyiwa sheria mbili. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Kwa watumishi 120, hao ni 40. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazungumzia nafasi mpya za ngazi ya kuanzia: angalau asilimia 30 ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti. Hii ya pili ndiyo mnayoweza kuitimiza kwenye kila tangazo la kazi, kuanzia sasa. Angalieni uwiano mnapoorodhesha wa kuitwa kwenye usaili. Mkisubiri hadi siku ya kutoa barua za ajira mmechelewa. Kabila liandikwe na mwombaji mwenyewe kwenye fomu. Kulikisia kwa jina la ukoo kumewaponza wengi, kwa sababu ndoa na majina ya dini havifuati mipaka hiyo.

Mfadhili wetu wa Marekani ametutumia nyongeza ya mkataba inayotaka tuthibitishe hatuendeshi programu za "DEI", yaani utofauti, usawa na ujumuishaji. Tufute sera yetu? – Mratibu wa shirika, Dodoma

Msifute kitu kwa hofu. Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri mbili, Na. 14151 na 14173, zilizofunga programu za namna hiyo katika serikali kuu ya Marekani na kufuta amri ya mwaka 1965 iliyowataka wakandarasi wa serikali kuchukua hatua za makusudi za usawa. Kipengele cha aina hiyo kwa kawaida hutaka uthibitishe kwamba huendeshi programu zinazovunja sheria za Marekani za kupinga ubaguzi. Kisomeni neno kwa neno na wakili kabla ya kusaini, maana tamko la uongo kwa serikali ya Marekani lina madai ya fedha nyuma yake.

Halafu chukueni sera yenu na kalamu mbili. Kwa moja wekeni alama kwenye kila jambo linalodaiwa na sheria za Tanzania: asilimia 3 ya watu wenye ulemavu, likizo ya uzazi, saa za kunyonyesha, usiri wa VVU, ujira sawa, njia ya kiti mwendo. Hayo ni utii wa sheria ya nchi mnayofanyia kazi. Wekeni gharama zake kwenye fungu la uendeshaji na mtaje sheria husika pembeni. Kwa kalamu ya pili wekeni alama kwenye yale mliyoyachukua kwenye kiolezo cha mfadhili, kama warsha na mabango. Hayo ndiyo ya kujadiliana naye.

Kampuni ya mabasi inataka madereva wapime VVU kabla ya mkataba. Ni halali? – Dereva, Kibaha

Si halali. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na kipimo hicho hakiwezi kuwa sharti la ajira. Wanaweza kupima macho, presha na kisukari, kwa sababu vinahusu usukani. Ukipewa fomu ya daktari, soma orodha ya vipimo kabla ya kutoa damu, kata mstari kwenye kile usichokiridhia na uweke saini pembeni. Daktari anapaswa kumrudishia mwajiri neno moja tu, kwamba unafaa kwa kazi au hufai, na majibu ya kina yabaki kwako. Kampuni ikikukatalia kazi kwa sababu hiyo, omba ikuandikie. Wasipoandika, waandikie wewe kueleza kilichotokea na ubaki na nakala yenye muhuri. Siku zako 60 za kwenda CMA zihesabu kuanzia hapo walipokukatalia.